Godoro Lililosimama Ukutani

"Weka hicho kisu chini, Mama Cate."

"Siweki."

"Hizo nyaya zina stima. Utakauka hapo kama omena, na mimi nitaambia watu nini?"

"Waambie nilikufa nikitenda haki."

"Haki gani? Hiyo kompyuta ni jasho la mtoto wangu."

"Jasho hufutwa kwa kitambaa, Mama Arasa. Yule aliye hospitali ni damu."

Mellen akanishika mkono. Mwanamke huyu amechuma majani chai huko kwao Kisii miaka thelathini, na vidole vyake vikikushika ni kama umebanwa na mlango. Mimi nilikuwa nimepiga magoti kwenye saruji mbele ya pazia la chumba cha kulala, nimekusanya nyaya zote zinazopita chini ya pazia lile nikazishika pamoja kama fungu la sukumawiki. Kisu kilikuwa cha Cate, cha mboga, na hakikuwa kikali. Ningezikereza nyaya zile mpaka jua lizame.

Ilikuwa Ijumaa saa nane mchana, hapa Migori, katika nyumba ya kupanga ya vyumba viwili. Tulikuwa tumebaki wazee wawili tu: mimi Priscah, mama yake Cate, kutoka Kendu Bay; na huyu Mellen, mama yake Arasa, mume wa Cate, ambaye siku hizi anaishi hapa hapa mjini na hutujia kila siku. Wenyewe walikuwa wametoka asubuhi na mapema kwenda hospitali na mtoto wao Kwamboka, wa wiki sita, amefungwa shali tatu na bado anatetemeka kwa joto. Alikuwa amekataa titi tangu jana. Hata kulia alikuwa ameacha. Mtoto akilia unaomba anyamaze. Akinyamaza namna ile, unaomba alie hata usiku kucha, hata majirani wakutukane.

"Mara ya mwisho nakuuliza," Mellen akasema. "Kompyuta imemkosea nini mtoto?"

Nikanyamaza. Na mimi kunyamaza si kazi yangu. Watu wa Kendu Bay watakuambia: Priscah akinyamaza, angalia kama bado anapumua.

Ili ujue kwa nini nilikuwa na kisu, lazima kwanza nikuambie Arasa ni mtu wa namna gani.

Arasa anauza viatu vya mitumba sokoni. Ni mrefu, mpole, na maneno yake ni machache kama meno ya kuku. Lakini masikio! Nimeona watu wenye macho makali na watu wenye pua kali. Mtu mwenye masikio kama huyu sijamwona. Pikipiki ikipita barabarani, anakuambia ni ya nani, na imebakiza petroli ya kufika wapi. Kanisani kwao Wasabato ndiye anayefundisha kwaya, na sauti moja ikipotoka katikati ya watu arobaini, anainua kidole tu, na mwenye kosa anajijua.

Siku alipokuja kwetu mara ya kwanza kujitambulisha, alinikuta nyuma ya nyumba nikianika omena, dagaa wetu wa ziwani, huku nikiimba. Hakupiga hodi. Alisimama pale kwenye ua na viatu vyake vya kwendea posa, mpaka wenzake wakadhani amegoma kuoa. Baadaye Cate aliniambia alivyosema. Alisema baba yake, marehemu Omanga, alikuwa akiimba kila asubuhi akikamua ng'ombe. "Maneno nayakumbuka yote," alisema. "Sauti siikumbuki. Nikilala naitafuta, naisikia ikija, halafu inakuwa sauti yangu mwenyewe."

Basi ndiyo maana mkwe wangu alitengeneza kompyuta. Wenye studio wana bei zao, na kwaya yake ni ya watu wanaouza nyanya na kuponda kokoto. Kurekodi kwa simu walikuwa wamejaribu, na watu arobaini wakasikika kama nyuki ndani ya kibuyu. Akasema atajenga studio nyumbani, kwa vitu vilivyotupwa.

Alipata kompyuta tatu zilizokufa katika saiba moja ya intaneti iliyofungwa. Nasema zilizokufa, moja ilikuwa na mende ndani, na mende wenyewe walikuwa wamekufa. Cate anasema mumewe alikaa nazo kwenye kibanda cha viatu mwezi mzima, akitazama masomo kwenye simu wateja wakiwa hawapo. Hii akaitoa moyo. Ile akaitoa memori, vile vibao vyembamba vyenye meno kama kitana, akavipachika vyote kwa mwenzao wa tatu. Diski ya zamani ilikuwa ikizunguka na kukwaruza, akaitupa akanunua mpya isiyo na kitu kinachozunguka, maana alisema maiki husikia hata mawazo. Skrini ina ufa kama mto Kuja kwenye ramani. Akaongeza kisanduku kidogo cha sauti chenye matundu mawili, maiki moja, na hedifoni moja. Moja tu. Mtu mmoja akisikiliza, mwingine anasubiri.

Nilipoelezwa hivyo, nilifanya ishara ya msalaba. Kwetu, maiti ni maiti. Huchukui mguu wa huyu na mkono wa yule na kichwa cha mwingine halafu useme, haya, amka uimbe. Na ile kitu iliamka! Ilianza kuwaka taa na kuguruma. Nilijiambia, Priscah, umekuja kumwona mjukuu, usitafute maneno.

Nilikuja siku kumi zilizopita, nikafikia kwa Emmaculate, jirani yao katika ploti hii hii, kwa sababu mimi ni maro. Ndivyo tunavyomwita mama mkwe kwa Kijaluo. Maro halali katika nyumba ya mkwe wake. Chumba chake cha kulala hakiingii, kitanda chake hakigusi hata kwa kidole, na usoni mwake hatazami sana. Ukivunja, inakuja chira, laana ya mwiko. Chira haikujii wewe uliyekosa, ingekuwa nafuu. Inakwenda kwa aliye mdogo. Mtoto anaanza kuisha, kidogo kidogo, kama sabuni ndani ya maji.

Wakisii nao wana yao, sheria ni karibu ile ile. Kwa hiyo mimi na Mellen, tukigombana kwa Kiswahili kwa sababu hatuna lugha nyingine ya kugombania, jambo hili hatukuhitaji kutafsiriana.

Sasa, kasha la kompyuta lina feni, na feni inapiga kelele. Arasa akalificha kasha chumbani, nyuma ya pazia, akapitisha nyaya chini yake mpaka sebuleni kwenye skrini. Halafu sebule yenyewe ikamkataa. Mabati juu, saruji pande zote; ukisema neno moja, ukuta unalirudia mara tatu. Akapigilia blanketi kwenye misumari, kuta mbili. Ukuta wa tatu akausimamishia godoro. Usiku linarudi kitandani, mchana linatoka na kusimama.

Nililiona na nikamuuliza, "Hili godoro ni la nani?"

Akacheka, macho chini. "Ni ukuta, Maro. Mchana ni ukuta."

Mimi nikakubali. Nasema wazi, nilikubali, na nilijua. Chumba sikukiingia, kitanda sikukifuata. Godoro ndilo lililotoka kwenye chumba likanifuata mimi.

Alitaka niimbe wimbo wa kubembeleza, ule mama yangu alionilaza nao. Hauna maneno mengi. Unasema lala, baba yuko ziwani, na samaki hawajalala. Akanivisha ile hedifoni. Siku ya kwanza niliimba "lala", nikafunga mdomo, na mwanamke ndani ya masikio yangu akasema "lala".

Nilitupa hedifoni mpaka ikagonga mlango. Anayerudia maneno yako baada yako ni mmoja tu, na hakai juu ya ardhi.

"Ni mashine, Maro," Arasa akasema. "Inafikiri polepole. Nitaiharakisha."

Na kweli akaiharakisha. Siku mbili alishinda akibofya na kubadilisha, na Jumanne nilipoimba, sauti ilikuja pamoja na mimi, tamu, kubwa, kama ninaimba ndani ya mtungi. Akanipa Kwamboka nimpakate, eti niimbe kwa kweli, nisiimbie chuma. Nikaimba. Nyuma yangu godoro, mbele maiki, mapajani mtoto. Nikafumba macho. Niliimba mpaka Arasa akafuta uso kwa mkono wa shati.

Wimbo ulipoisha, simu yake ikalia: mteja wa jumla yuko sokoni. Akatoka mbio. Cate akamchukua mtoto, akaenda kwa Emmaculate kumnyonyesha kwenye kivuli. Nikabaki peke yangu na joto la mabati, na mgongo wangu ambao siku hiyo ulikuwa unalia kama bawaba.

Niliegemea godoro. Nikasema ni ukuta. Kisha ukuta ukateleza kidogo. Kisha nikausaidia kuteleza. Kisha, Mungu wangu, nikalala. Nililala juu ya godoro la mkwe wangu, ubavu mzima, viatu nimevua, kama bibi harusi.

Nilipoamka niliona taa nyekundu kwenye kile kisanduku. Na kwenye skrini kulikuwa na mistari inatembea, juu, chini, juu, chini, kama milima ya Homa imeanza safari. Nikakohoa, mlima ukaruka. Nikasema "yawa", yaani jamani, vilima viwili vikatokea. Ndipo nikaelewa. Mkwe wangu alikuwa ameondoka bila kuizima. Mashine ilikuwa ikinisikiliza muda wote.

Nikalisimamisha godoro haraka, nikalipangusa kwa leso, nikakaa kwenye kiti kama mtakatifu. Arasa aliporudi alibofya mara mbili, taa ikazimika. "Imehifadhiwa," akasema. "Nitasikiliza Jumapili, nikipata nafasi."

Alhamisi mtoto akakataa titi.

Sasa nikuambie kitu ambacho hata padri sijamwambia. Kuna hadithi ninayosimulia miaka mingi, kuhusu mwanamke wa Magunga. Alikwenda kumtembelea binti yake, mvua ikamshika, akalala kwenye kitanda cha mkwe. Mtoto wa binti akaanza kuisha, akawa mwepesi kama ganda la mgomba, mpaka siku moja wakamweka mlangoni kuota jua na upepo ukamchukua. Nimeisimulia sokoni, kisimani, kwenye matanga. Wanawake wamenililia machozi. Niliianzisha kwa sababu dada yangu Lynnet alikuwa na tabia ya kwenda kwa binti yake Mbita na kusahau kurudi, nikataka kumtisha.

Alhamisi nilikaa kwa Emmaculate nikijaribu kukumbuka: je, huyo mwanamke alikuwepo? Kuna kitu nilisikia nikiwa msichana, hilo najua. Mvua niliiongeza mimi. Upepo pia. Mtoto je? Nilimtoa wapi mtoto? Nilitafuta kichwani mwanzo wa hadithi yangu mwenyewe, sikuuona. Nimewatisha watu miaka arobaini kwa mdomo huu, na sasa ile hadithi ilikuwa imegeuka, imekaa mbele yangu, inanitazama.

Nikafikiri jambo lingine baya zaidi. Yule wa Magunga aliamka, akaenda zake. Kosa lake lilikuwa na mwisho. Lakini mimi nimelala ndani ya ile mashine. Kila inapowashwa, mimi bado niko juu ya godoro, sijaamka. Ningechukua manyasi, dawa ya kuondoa chira, ningeoga, ningetubu, na bado nyuma ya pazia kuna Priscah mwingine anakoroma kwenye kitanda cha mkwe wake mpaka mwisho wa dunia.

Ndiyo sababu ya kisu.

"Hujibu," Mellen akasema. Alikuwa bado amenishika mkono.

"Nikate kwanza, nitakujibu baadaye."

"Ukitaka kuizima si uingie ubonyeze kitufe? Kasha liko hapo, hatua tatu."

"Wewe ingia."

Akatazama pazia. Lina maua ya zambarau, pazia la kawaida. Akarudi nyuma hatua moja.

"Mimi ni mama ya mwenye chumba," akasema.

"Na mimi ni maro wake. Basi sote tuko nje."

"Sisi Wasabato mambo ya chira hatuamini, Mama Cate. Tunaamini maombi na hospitali."

"Na sisi Wakatoliki hatuamini. Chira haijawahi kuuliza. Kama huamini, hilo godoro hapo, libebe ulirudishe kitandani."

Mellen akalitazama godoro, lililobaki pale tangu jana kwa kuwa usiku hakuna aliyelala. Tangu aje asubuhi alikuwa amekaa upande wa pili wa chumba, kwenye kiti kilicho karibu na mlango, ambapo upepo unaingiza vumbi. Kiti kizuri chenye mto kiko karibu na godoro.

"Mgongo unaniuma," akasema.

"Ahaa!"

"Usiniambie ahaa. Nina miaka sabini."

Tukakaa chini, sote wawili, pale pale kwenye saruji. Akatoa kabambe yake, simu ya vitufe, kwenye soksi, akampigia Arasa. Mteja hapatikani. Akampigia Cate. Ililia, ikalia, ikakatika. Akapiga tena. Mkono wake ulikuwa unatafuta vitufe kama mtu anayepapasa sindano.

"Kwa nini hawashiki?" nikauliza.

"Labda daktari yuko nao."

"Tangu asubuhi?"

"Foleni."

"Mtoto asiyelia hawekwi kwenye foleni, Mama Arasa."

Akairudisha simu kwenye soksi. Nje Emmaculate alikuwa akifua, nikasikia anasita, anasikiliza upande wetu, anaendelea. Nyumba yote ilikuwa na harufu ya mtoto: mafuta, maziwa, nepi iliyoanikwa kwenye kamba juu ya vichwa vyetu. Nikaitazama ile nepi. Sikujua mtu anaweza kuogopa nepi iliyokauka.

Ndipo nikasema. "Mellen, nililala kwa lile godoro."

"Godoro lipi?"

"La kwao. Jumanne. Nililiangusha nikalala."

Akanitazama. Kisha akatikisa kichwa. "Si leo, Mama Cate."

"Si leo nini?"

"Hadithi. Juzi umeniambia ulipokuwa msichana uliimba, kiboko akatoka ziwani kula mtama wa baba yako, akasimama akasikiliza mpaka akalia. Jana ukaniambia ulimpokonya mamba sufuria. Leo mjukuu wetu yuko kitandani hospitali, na wewe unatafuta kuwa mkubwa hata kwa dhambi."

"Ni kweli!"

"Kama kiboko."

"Kiboko ni uongo! Sikiliza, mwanamke! Kiboko ni uongo, alikuja akala mtama wote na hakutazama mtu. Mamba ni uongo, sufuria ilizama. Hili ni kweli. Nililala, nikakoroma, na iko mle ndani ya mashine, na Arasa atasikiliza Jumapili."

Nilianza kulia. Mimi, ambaye hulia kwa malipo tu, kwenye matanga ya watu. Mellen akaacha kutikisa kichwa.

"Iko ndani ya mashine," akarudia.

"Taa nyekundu ilikuwa inawaka."

Akainuka, akaketi mbele ya skrini. Yeye huimba sauti ya pili katika kwaya ya mwanawe na amemwona akifanya. Aliijua alama ya pembetatu. Akavaa hedifoni juu ya kitambaa chake cha kichwa, akashika mausi kama anashika kifaranga. Akabofya. Mistari ikaanza kutembea. Sikusikia kitu, maana hedifoni ni moja. Nilitazama uso wake tu.

Kwanza uso ulilainika. Ulikuwa wimbo wangu. Midomo yake ikafuata kidogo, lala, baba yuko ziwani. Kisha akakunja paji la uso. Akashika hedifoni kwa mikono miwili akaisukuma masikioni. Akarudisha nyuma. Akasikiliza tena.

"Umefika kwenye kukoroma?" nikauliza.

Akainua mkono, ninyamaze.

"Mellen?"

"Mtoto alikuwa wapi ukiimba?"

"Mapajani."

"Njoo."

Akageuza sikio moja la hedifoni nje, tukaweka vichwa pamoja, yeye kushoto mimi kulia, kama wasichana wanaoambiana siri. Nikajisikia naimba. Na chini ya sauti yangu, mahali ambapo mimi napumzika kuvuta pumzi, kulikuwa na kitu kingine. Kitu chembamba. Kilipiga filimbi, kikanyamaza, kikapiga filimbi. Nikafikiri ni feni. Kisha kikakohoa. Kikohozi kidogo sana, kikavu, kama kitu kinachoanguka ndani ya kopo.

"Hiyo ni pumzi yake," Mellen akasema kwa sauti ndogo. "Kifua kinalia. Jumanne."

"Jumanne hakuwa mgonjwa."

"Alikuwa. Unamsikia. Na wewe hujalala bado kwenye godoro, wimbo haujafika hata nusu."

Nilimsikia. Maiki ilikuwa imemsikia; mimi niliyempakata sikumsikia, kwa sababu masikio yangu yalikuwa yamejaa mimi mwenyewe. Arasa, mwenye kusikia petroli ndani ya pikipiki, naye hakumsikia, maana hedifoni ile moja alikuwa amenipa mimi. Wimbo ukaisha. Akatoka mbio. Cate akamchukua mtoto. Halafu ikaja kimya, halafu mguno wa mwanamke mzee anayeshuka polepole, halafu mkoromo.

Mellen alisikiliza mkoromo ule kidogo. Bega lake likaanza kutikisika. Sikujua ni kicheko au ni kilio, na nadhani hata yeye hakujua.

"Basi si godoro," akasema.

"Si godoro."

Lakini mwili wangu haukupumua. Kwa sababu kama ni godoro, ningejua la kufanya: kuna wazee, kuna manyasi, kuna maneno ya kusema. Kama si godoro, basi mtoto alikuwa na kifua Jumanne, akawa nacho Jumatano, akawa nacho Alhamisi, na sisi tulikuwa tunamwimbia. Siku tatu. Hofu ile ya kwanza ilikuwa na mlango. Hii haikuwa nao.

Mellen alifika pale pale nilipofika mimi. Nilimwona akihesabu kwa vidole.

"Daktari atawauliza ilianza lini," akasema. "Hilo ndilo wanalouliza kwanza."

"Cate atasema jana."

"Atasema jana, na si jana. Watampa dawa ya mgonjwa wa siku moja." Akachukua kabambe, akapiga. Mteja hapatikani. "Lazima mtu aende. Wewe una miguu."

"Miguu ninayo. Nitasema nimejuaje?"

"Sema kompyuta imesema."

"Nani aliiwasha? Tulikuwa tunatafuta nini ndani yake? Yule mtoto wako ana masikio, Mellen! Ataisikiliza yote mpaka mwisho."

"Na akisikiliza?"

"Atamsikia maro wake amelala juu ya—"

"Basi sema mwenyewe kabla hajasikia! Sema! Mamba hukumwogopa, mkwe ndiye unamwogopa?"

"Mamba nilikuambia ni uongo!"

"Mama Cate, mtoto anaisha huko na wewe unaficha mgongo wako! Toka uende, au niende mimi nikaseme, 'Arasa, mama mkwe wako Jumanne alilala kwenye—'"

Mlango ukafunguka.

Alikuwa Arasa, peke yake. Shati lake lilikuwa limelowa kifuani, na mkononi alikuwa na shali moja kati ya zile tatu. Hakutazama skrini. Hakutazama nyaya zilizovurugika sakafuni wala kisu. Alikwenda moja kwa moja kwenye chupa ya chai, akaitikisa kuona kama kuna kitu.

"Wamemlaza," akasema. "Wamemwekea mpira wa hewa puani. Cate amebaki naye, nimekuja kumchukulia chai na leso." Akasimama, chupa mkononi. "Daktari anauliza ilianza lini. Anasema lazima ajue kabla ya kuchagua sindano. Cate anasema jana, mimi nikasema sijui. Mama, Maro, ninyi mlikuwa hapa. Ilianza lini?"

Mellen akanigeukia. Mimi nilikuwa nikitazama viatu vya mkwe wangu, kwa maana usoni hatutazamani, na kile cha kushoto kilikuwa hakijafungwa kamba. "Jumanne," nikakiambia kiatu kile, "pumzi yake iko mle ndani ya mashine, pamoja na mimi nimelala juu ya godoro lako."